Maisha ya Ibn Sina na Maumivu ya Nusu ya Kichwa

Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa vita na ya watawala. Muhula huu mimi nimemchagua tabibu. Huenda mtauliza kwa nini nimekwenda mbali hata Bukhara, nami mtoto wa huku huku kwetu. Nitaanza kwa kueleza sababu, maana sababu yenyewe ilikaa ndani ya kichwa changu muda wa mwaka mmoja na zaidi.

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilianza kuumwa kichwa upande wa kulia. Nilidhani ni homa au jua la uwanjani, nikangoja yapite. Hayakupita. Niliamka nayo, nikaenda nayo darasani, nikalala nayo. Wala hayakuhamia upande wa kushoto hata siku moja. Mara nyingi yalikuwa madogo, kama mtu anayekubonyeza kwa kidole bila kuchoka. Lakini kulikuwa na saa ambazo yalipanda ghafula. Hapo jicho la kulia likawa jekundu na kutoa machozi, na tundu la pua la upande ule ule likaziba. Jicho la kushoto likabaki kavu kabisa, kana kwamba ni la mtu mwingine. Usiku sikuweza kutulia, nikawa natembea baina ya vitanda bwenini hata alfajiri.

Wenzangu walipoona kwamba nalia kwa jicho moja walicheka, wakaniita Jicho Moja. Wengine walisema kwamba nakwepa hesabu na kufyeka majani. Nilipewa vidonge vya kawaida vya kichwa mara nyingi, wala havikufaa kitu, na hilo likawa ushahidi mwingine kwamba nadanganya. Siwalaumu sana. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bibi yangu peke yake, nilipokwenda likizo, alinisadiki bila kuuliza ushahidi. Aliyaita maumivu yale kipanda uso, akanifunga kichwa kwa kipande cha kanga, akaketi nami gizani.

Nilipoingia Kidato cha Tatu baba alinipeleka mjini katika hospitali kubwa. Nikaonwa na daktari mmoja, mama mtu mzima. Hakuandika dawa upesi. Aliuliza maumivu yako upande gani, na kama yamewahi kuhama. Yameanza lini, na kama kuna siku yaliyokatika. Jicho lipi linatoa machozi, na pua inakuwaje. Na kama yakizidi nataka kulala kimya au kutembea. Kisha akaagiza nipigwe picha ya kichwa, apate kuhakikisha kwamba hamna uvimbe ndani. Picha ilikuwa safi. Ndipo akanipa dawa iitwayo indomethasini, akaniamuru niinywe baada ya kula, pamoja na dawa nyingine ya kulinda tumbo.

Siku ya pili, tulipokuwa tukila chakula cha jioni, nilihisi jambo geni. Kichwa kilikuwa kimenyamaza. Nikamwambia baba. Hakujibu neno, alitoka nje akakaa uani kitambo kirefu.

Tuliporudi kwa daktari alinieleza kwamba ugonjwa wangu ni wa nadra, na kwamba jina lake ni hemikrania kontinua, yaani maumivu ya nusu ya kichwa yasiyokatika. Akasema pia kwamba matabibu walikuwa wakizungumza habari za maumivu ya nusu ya kichwa tangu zamani sana, na kwamba kama napenda kusoma nitafute maisha ya Ibn Sina. Nimeyatafuta, nami sasa nawasimulia.

Jina lake kamili ni Abu Ali al-Husayn bin Abdullah bin Sina. Wazungu humwita Avicenna. Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake, Abdullah, alikuwa mtu wa Balkh aliyepewa usimamizi wa kijiji na watawala wa ukoo wa Samani. Baadaye jamaa yote ilihamia Bukhara, mji uliojaa wanazuoni, na huko kijana akatiwa chuoni. Alipotimiza miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani yote.

Baba yake hakuona haya juu ya mahali pa kupatia elimu. Alimpeleka mwanawe kwa muuza mboga mmoja aliyejua hesabu za Kihindi, akajifunze kwake. Kisha akafika mjini mwalimu aitwaye Natili, naye akakaribishwa kukaa nyumbani kwao ili amfundishe kijana mantiki na jometria. Lakini haukupita muda mrefu kabla mwanafunzi hajampita mwalimu, na Natili alipoondoka kijana akaendelea kusoma peke yake.

Akageukia utabibu, wala hakuuona kuwa mgumu. Alipokuwa na miaka 16 matabibu wazima walikuwa wakija kusoma kwake. Lakini hakuridhika na vitabu tu. Alikwenda kuwatazama wagonjwa na kuwatibu, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba kwa njia hiyo ilifunguka kwake milango ya maarifa ambayo haimo vitabuni.

Msidhani kwamba kila jambo lilikuwa jepesi kwake. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu alisoma usiku na mchana, taa mbele yake, na alipokwama katika tatizo alikwenda msikitini akasali na kuomba afunguliwe. Kitabu kimoja cha Aristotle juu ya asili ya vitu vyote kilimshinda kabisa. Alikisoma mara 40, hata akakijua kwa moyo, wala asifahamu maana yake. Akakata tamaa. Hata siku moja, katika soko la vitabu, mnadi alimshika amnunulie kitabu kwa dirhamu 3 tu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na haja ya fedha. Alikinunua shingo upande. Kumbe kilikuwa kitabu cha Farabi kinachoeleza kile kile kilichomshinda. Alikwenda nyumbani akakisoma, na yote yakamfungukia mara moja, kwa kuwa maneno alikuwa nayo tayari. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini.

Basi amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, akaugua ugonjwa uliowashinda matabibu wake. Wakamtaja kijana yule, naye akaitwa, akashirikiana nao katika kumtibu. Hakuomba mashamba wala dhahabu. Aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya amiri. Huko alikuta vyumba vingi, kila chumba na elimu yake, na vitabu vimepangwa katika masanduku. Alisoma humo hata alipofika miaka 18 akaona kwamba amekwisha kuzipitia elimu zote za wakati ule. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba elimu yake ni ile ile, ila imekomaa tu.

Lakini raha haikudumu. Baba yake alifariki, na utawala wa ukoo wa Samani ukaanguka. Ibn Sina akatoka Bukhara, akawa mtu wa kuhama mji hata mji akitafuta mahali pa kukaa na mtawala wa kumtumikia. Alipofika Jurjan alikutana na mtu aitwaye Juzjani, aliyekuwa mwanafunzi wake na rafiki yake kwa miaka 25 iliyosalia ya maisha yake. Huyo ndiye aliyetuhifadhia habari zake nyingi.

Huko Jurjan ndiko alikoanza kuandika kitabu chake kikubwa cha utabibu kiitwacho Kanuni. Kisha akaenda Rayy, na kutoka huko akafika Hamadan, katika nchi ya Uajemi. Amiri wa Hamadan, Shams al-Dawla, alikuwa akisumbuliwa na msokoto wa tumbo. Ibn Sina alimtibu akapona, na amiri akamfanya waziri wake. Lakini askari walimchukia. Waliizunguka nyumba yake, wakampora mali yake yote, wakamtaka amiri amwue. Amiri alikataa, ila alimwondoa katika kazi ili kuwatuliza. Ibn Sina akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Kisha tumbo la amiri likarudi, akatafutwa kila mahali, akaombwa radhi sana, akarudishiwa uwaziri wake. Tangu hapo mchana alifanya kazi za serikali, na jioni wanafunzi walikusanyika kwake wakasoma.

Amiri huyo alipofariki, Ibn Sina hakutaka kumtumikia mrithi wake. Alijificha kwa muuza dawa mmoja, akaandika karatasi 50 kila siku bila ya kuwa na kitabu cha kutazamia. Akashitakiwa kwamba anaandikiana barua kwa siri na mtawala wa Isfahan, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Humo gerezani pia aliandika vitabu. Mwishowe alitoroka Hamadan pamoja na ndugu yake na Juzjani, wamevaa nguo za masufi, wakafika Isfahan baada ya taabu nyingi, na huko akapokewa kwa heshima.

Sasa nitaeleza kidogo juu ya kile kitabu, Kanuni, maana ndicho kilichonifanya nimpende mtu huyu. Kina sehemu tano. Ya kwanza ni ya misingi ya utabibu, ya pili ni ya dawa moja moja, na ya tatu ni ya magonjwa ya viungo vya mwili, kuanzia kichwani hata miguuni. Ya nne ni ya magonjwa yanayoenea mwili mzima, kama homa, na ya tano ni ya dawa za kuchanganya. Katika ile ya tatu, mwanzoni kabisa, zimo habari za kuumwa kichwa.

Hapo Ibn Sina hakusema kwamba kichwa ni kichwa na dawa yake ni moja. Aliyapanga maumivu mafungu mafungu. Yako maumivu aliyoyaeleza kwamba hukizunguka kichwa chote kama kofia ya chuma ya askari. Hayo hukaa muda mrefu, na kitu kidogo tu, kama mwendo au sauti, huyaamsha. Mgonjwa wake huchukia mwanga na mazungumzo, naye hupenda kukaa peke yake gizani. Na yako maumivu mengine, yanayoshika nusu moja ya kichwa. Hayo kwa Kiarabu huitwa shakika, neno linalotokana na kupasua kitu vipande viwili. Wayunani kabla yake waliyaita kwa jina lenye maana hiyo hiyo ya nusu ya kichwa, na jina hilo la Kiyunani ndilo lililomo katika ugonjwa wangu.

Niliposoma kwamba mtu wa miaka 1000 iliyopita alijua kwamba mgonjwa wa kichwa hukimbia mwanga na maneno ya watu, nilimkumbuka bibi yangu na giza lile alilonikalisha.

Yeye mwenyewe pia alipata kuumwa kichwa. Juzjani ameeleza kwamba siku moja Ibn Sina aliumwa sana, akahofu kwamba kuna kitu kinachoteremka kwenye utando wa fuvu lake na kwamba kitafanya uvimbe. Akaagiza barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa katika kitambaa, akafunikwa nayo kichwa. Akaendelea hivyo hata akapona. Kwa hiyo alipoandika habari za kichwa hakuwa mtu wa kusikia tu.

Hata hivyo isitupite kwamba alikosea katika mengi. Alifuata elimu ya wakati wake, iliyosema kwamba magonjwa hutokana na kuharibika kwa majimaji manne ya mwili, na kwamba mivuke hupanda kichwani. Leo twajua kwamba sivyo. Wala ugonjwa wangu mimi hakuujua mbali na mengine. Ulitengwa na kupewa jina lake mwaka 1984 na madaktari wawili, Ottar Sjaastad na Egil Spierings. Waliona kwamba kuna wagonjwa wachache ambao maumivu yao hukaa upande mmoja bila kuhama, wala hayakatiki. Mara kwa mara huzidi, na hapo jicho na pua za upande ule huingia katika taabu. Tena waliona ajabu moja: wagonjwa hao hupona kwa indomethasini, hata ikiwa dawa nyingine zote zimeshindwa. Siku hizi madaktari hutaka maumivu yawe yamekaa zaidi ya miezi mitatu, na yanyamazishwe kabisa na dawa hiyo, ndipo wautaje ugonjwa kwa jina lake.

Kwa nini jicho na pua huingia? Daktari alinieleza kwamba kila upande wa uso una mshipa mkubwa wa fahamu unaopeleka ubongoni habari za maumivu ya paji, jicho, shavu na taya. Mshipa huo una uhusiano na mishipa mingine inayoamrisha machozi na majimaji ya pua. Upande mmoja ukivurugika, ni upande huo tu unaolia. Kwa hiyo jicho langu moja, lililochekwa bweni zima, lilikuwa likitoa ushahidi wa kweli, ila hatukuwa na mtu wa kuusoma. Kwa nini indomethasini ifae na dawa nyingine za jamii yake zisifae, madaktari wenyewe bado hawajajua sawasawa. Hapo pana kazi kwa wale wanaosoma sayansi katika shule yetu.

Nimalizie sasa maisha ya tabibu wetu. Akiwa na mtawala wa Isfahan safarini katika vita, alishikwa na msokoto wa tumbo, ugonjwa ule ule aliowaponya nao wengine. Alitaka kupona upesi asije akaachwa nyuma, akajitibu kwa nguvu mno, akapigwa bomba mara 8 kwa siku moja, hata matumbo yakapata vidonda. Akaagiza dawa itiwe kiasi kidogo cha mbegu za selari, na aliyeitengeneza akatia nyingi kupita kiasi, ugonjwa ukazidi. Hali ikawa mbaya, ikapata nafuu, ikarudi tena. Walipofika Hamadan alijua kwamba nguvu zimekwisha, akaacha kujitibu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka 1037, naye hajafika miaka 60, na kaburi lake liko Hamadan hadi leo. Katika karne iliyofuata kitabu cha Kanuni kilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona katika mji wa Toledo, na vyuo vikuu vya Ulaya vikafundisha utabibu kwa kitabu hicho kwa karne nyingi.

Mwisho huo ulinitia hofu, maana dawa yangu nayo ina kipimo chake. Indomethasini ikinywewa ovyo huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Kwa hiyo naomba mtu yeyote asije kitandani kwangu kuniomba kidonge kwa sababu kichwa kinamwuma. Maumivu ya kichwa yana mafungu mengi, na kinachoniponya mimi huenda kikamwumiza yeye. Aende kwa daktari, naye aeleze upande, siku, saa na kila kinachofuatana na maumivu. Mimi nilipoteza miezi mingi kwa kusema tu kwamba kichwa kinauma.

Na kwa wenzangu na walimu wetu wapendwa nina ombi moja. Akitokea mwanafunzi anayesema kila siku kwamba anaumwa, nanyi hamwoni jeraha, tafadhali mwulizeni kabla ya kumcheka. Mwulizeni yuko upande gani, na tangu lini. Kuuliza si ujinga. Ibn Sina alikisoma kitabu kimoja mara 40 kwa kuwa hakutaka kukitupa kabla ya kukifahamu. Basi na sisi tusimtupe mwenzetu baada ya kumsikia mara moja.

Mimi sasa ninasoma Kidato cha Nne na kichwa changu kimya, namshukuru Mungu. Jina la Jicho Moja limebaki bwenini, lakini siku hizi nikiitwa hivyo naitika na kucheka pamoja nao. Nawatakia nyote mtihani mwema na likizo njema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne